Saa ya Mwamuzi na Jicho la Mtazamaji

Kwa miongo kadhaa, Pasaka ya Machakos ilikuwa na mikusanyiko miwili. Wa kwanza ulikuwa kanisani, wa pili kando ya barabara. Wanakijiji walitoka mapema, wakaketi juu ya kingo za udongo mwekundu katika njia ielekeayo Wamunyu na Kitui, watoto wakapanda miembe, na wazee wakajitafutia kivuli kisicho mbali na kona. Ilipokuwa zamu ya Ukambani kupitiwa na magari ya Safari Rally, hakuna aliyekubali kusimuliwa. Kwanza ulisikika mngurumo nyuma ya kilima, kisha vumbi likapanda, halafu gari likatokea kwenye kona likiwa limeinamia upande mmoja mithili ya ng'ombe anayekataa kamba. Lilishangiliwa, nalo likatoweka. Yote hayo hayakuzidi nusu dakika.

Gari la kwanza kutokea lilipewa ushindi papo hapo. Lilipotokea la pili, watazamaji walipima kwa macho: hili linayumba, hili lina taa iliyovunjika, dereva wa hili ana hofu. Jioni, redio ilipotangaza kwamba anayeongoza ni yule aliyepita wa tano, palizuka minong'ono. Itawezekanaje? Si watu walimwona kwa macho yao? Na neno lililofuata lilikuwa moja tu: wamempendelea.

Ni bayana kwamba mtazamaji huyo hakusema uongo. Alichokiona alikiona. Ila mashindano hayo hayakuamuliwa kwa jicho. Magari yaliachiliwa moja baada ya jingine, yakiachana kwa dakika kadhaa, na kila kipande cha njia kilipangiwa muda wake. Dereva aliyefika kituo cha ukaguzi akiwa amechelewa alihesabiwa alama za adhabu kwa kadiri ya dakika alizochelewa. Mwelekezi wake alitoa kadi kupitia dirishani, msimamizi akatazama saa, akaandika, akairudisha. Mshindi alikuwa yule mwenye alama chache zaidi mwishoni. Kwa hiyo aliyepita wa tano mbele ya miembe ya Machakos angeweza kuwa ndiye anayeongoza, na aliyepita wa kwanza akawa tayari amekwisha kushindwa bila yeye mwenyewe kujua.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Michezo mingi humruhusu mtazamaji kuwa mwamuzi wa pili. Katika kandanda, kila mtu uwanjani huona mpira ukivuka mstari, na akikataa kuamini huwa na hoja. Katika mbio za magari za masafa marefu, mtazamaji hunyang'anywa uamuzi huo tangu mwanzo. Ukweli wote wa mashindano umo katika saa iliyo mikononi mwa mtu asiyemjua, na katika kadi asiyoruhusiwa kuisoma. Anadaiwa imani. Imani ni mali isiyokopeshwa ovyo, hasa kwa watu waliozoea kuona foleni ikirukwa ofisini na nafasi za kazi zikigawanywa kabla ya kutangazwa. Mtu wa namna hiyo, akiambiwa kwamba macho yake yamemdanganya na saa ya mwenziwe ndiyo iliyosema kweli, atauliza: saa hiyo ni ya nani?

Lugha yenyewe ilikwisha kulitambua tatizo hili. Mwanafunzi wa sarufi akilipasua neno 'upendeleo' hukuta mzizi wa kawaida kabisa, pend-, ule ule wa mapenzi. Kisha hukuta kauli ya kutendea, si mara moja bali mara mbili: penda, pendea, pendelea. Kumpenda mtu si kosa. Mapenzi yanapovutwa yakaelekezwa upande wa mtu, kisha yakavutwa tena, ndipo yanapogeuka hila. Nalo 'mwamuzi' latokana na kuamua, kitenzi ambacho Waswahili hukitumia pia kwa yule anayejitosa kati ya wawili wanaopigana na kuwatenganisha. Mwamuzi, kwa asili ya neno, husimama katikati. Akisogea hatua moja tu kando, si mwamuzi tena, amekuwa mpiganaji wa tatu.

Mfano bora wa mwamuzi aliyesimama katikati unapatikana katika Safari Rally ya 1973, mwaka ule ule ambao mashindano hayo yaliingizwa katika ubingwa wa dunia uliokuwa unaanza. Baada ya maelfu ya kilomita, Shekhar Mehta katika Datsun 240Z na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa pia katika Datsun, walimaliza wakiwa na alama za adhabu zilizolingana sawasawa. Hapakuwa na hata nukta ya kuwatenganisha. Kanuni ilielekeza kwamba katika hali kama hiyo atangulizwe yule aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Huyo alikuwa Mehta. Akatangazwa mshindi.

Kwa mtu anayetafuta upendeleo, kisa hiki ni shamba lenye rutuba. Mehta alikuwa mwana wa Afrika Mashariki, mzaliwa wa Uganda wa mwaka 1945, na jamaa yake ilikuwa miongoni mwa zile zilizofukuzwa na utawala wa Idi Amin mwaka 1972. Källström alikuwa mgeni. Mwaka uliotangulia, 1972, Hannu Mikkola wa Finland alikuwa amelichukua taji hilo na kuwa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kufanya hivyo, jambo lililowauma wenyeji kwa miezi. Nani asingetamani lirudi nyumbani? Hata hivyo malalamiko hayo hayana pa kushika, na sababu yake ni moja: kipimo cha kuwatenganisha waliolingana hakikutungwa baada ya kuona nani kalingana na nani. Källström angeweza kuipinga kanuni kuwa ni ya kipumbavu. Kwa nini adhabu ya mwanzo wa safari iwe nzito kuliko ya mwisho? Swali hilo ni la haki. Lakini asingeweza kusema kwamba ilitungwa kwa ajili ya Mehta. Baadaye Mehta alishinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, na hatimaye akaja kuongoza kamisheni ya mbio hizo katika shirikisho la kimataifa. Mtu aliyeneemeka kwa kanuni ndogo akawa mmoja wa watunga kanuni.

Si kila dhuluma inayolalamikiwa barabarani hutoka kwa mwamuzi, na ni vyema kulitenga hili. Vumbi, kwa mfano, halina refa. Gari linaloondoka la kwanza huiona njia yote. Lile linaloondoka la kumi hufukuza wingu. Joginder Singh alipolichukua taji la 1965 akiwa na nduguye Jaswant katika Volvo iliyokwisha kutumika, aliondoka wa kwanza. Wapo watakaosema nambari ilimbeba. Watasahau kwamba mvua za masika zinaponyesha, nambari hiyo hiyo humkabidhi dereva matope ambayo hakuna tairi iliyoyapasua kabla yake. Joginder alirudia ushindi mwaka 1974 na 1976, akiwa na Mitsubishi Lancer, na nambari ikaacha kuzungumziwa.

Fauka ya vumbi kulikuwa na fedha. Timu za viwanda vya ng'ambo zilikuja na helikopta, mafundi na vipuri, ilhali dereva wa hapa nchini alikuja na shemeji yake na gurudumu la akiba. Kwa miaka mingi Wakenya weusi walihesabika kwa vidole katika orodha ya washiriki, hata Patrick Njiru alipomaliza wa nne mwaka 1994 akiwa na Subaru, habari hiyo ilipokewa nchini kwa shangwe inayostahili ushindi. Mtazamaji wa Machakos aliyeuliza mbona hamwoni kijana wa kwao katika magari yale aliuliza swali sahihi, ila alimlenga asiyehusika. Msimamizi wa saa hakumzuia kijana huyo. Alizuiliwa mapema zaidi, kwenye bei ya gari, kabla hata ya kukijua kituo cha kwanza kilipo. Kumlaumu mwamuzi kwa hilo ni kumwachia huru mwenye lawama.

Baadhi ya Waswahili huziita mbio za magari za uwanjani langalanga, jina la kiwanja cha Langalanga katika Bonde la Ufa, ambako magari yalishindanishwa miaka ya 1950. Langalanga ina uwanja uliofungwa, magari yakizunguka mbele ya watu wale wale. Safari ilizaliwa kwa kuukataa mzunguko huo. Neil Vincent, aliyeshawishiwa na binamu yake Eric Cecil ashiriki mbio za uwanjani, alijibu kwamba hakuna jambo la kuchosha kama kuzunguka pale pale. Afadhali waanze mahali fulani wapite porini na kurudi. Ndipo mwaka 1953, katika sherehe za kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, magari yakapelekwa kuizunguka Afrika Mashariki. Yalikuwa magari ya kawaida ya dukani, yakigawanywa katika makundi kwa kufuata bei yake. Jambo hili husahauliwa. Safari ya kwanza ilikuwa, kwa maana halisi, mashindano ya magari ya dukani.

Huko Marekani pia kulikuwa na mashindano yaliyopata jina lake kwa magari ya dukani, ila wao waliupenda mzunguko. Bill France aliyaunganisha chini ya chama cha NASCAR mwaka 1948, makao yake yakiwa Daytona Beach katika jimbo la Florida. Magari hayo sasa huundwa mahsusi kwa mbio na yamebaki na sura tu ya yale ya dukani, lakini uwanja bado ni ule wa mviringo, na mtazamaji akiketi juu jukwaani huona takriban kila kitu. Ingedhaniwa basi kwamba huko malalamiko ya upendeleo yangekuwa haba. Kinyume chake ndicho kilichotokea. Hakuna mchezo wa magari ambao mashabiki wake huwashuku waamuzi kuliko huo, na kuna tarehe moja inayotosha kueleza chanzo chake.

Tarehe 1 Desemba 1963, siku 11 kabla ya bendera ya Kenya kupandishwa, dereva mweusi aliyeitwa Wendell Scott alishindana katika uwanja wa udongo wa Jacksonville, Florida. Mizunguko ilikuwa 200. Scott aliwapita wote, tena kwa mizunguko miwili mizima. Bendera ya kumaliza haikupepewa kwa ajili yake. Aliyeitwa mbele na kukabidhiwa kombe alikuwa Buck Baker, mzungu. Saa kadhaa baadaye, watazamaji wakiwa wamekwisha kwenda zao, wasimamizi walikiri kwamba hesabu ilikosewa na kwamba mshindi alikuwa Scott. Fedha alilipwa. Kombe lilikuwa limeondoka na Baker.

Siku hizo mizunguko ilihesabiwa kwa mkono, na mwenye kuhesabu kwa mkono hukosea. Utetezi huo haukosi mantiki. Scott mwenyewe aliamini vingine. Aliamini kwamba wasimamizi hawakutaka mtu mweusi asimame mbele ya umati wa Kusini ya Marekani, katika enzi za ubaguzi wa rangi, apigwe picha na binti mzungu aliyeandaliwa kumpongeza mshindi. Nani atathibitisha kilichokuwa moyoni mwa mwenye kalamu? Lakini mtu halazimiki kuusoma moyo. Inatosha kulitazama kosa lenyewe jinsi lilivyopangika: lilimwangukia yule yule ambaye kuanguka kwake kungewapunguzia wakubwa fadhaa, na likasahihishwa pale tu ambapo hapakuwa tena na mtu wa kuliona likisahihishwa. Kosa la bahati mbaya halina adabu ya kungoja umati uondoke.

Scott alifariki mwaka 1990. Kombe lililofanywa kwa jina lake lilikabidhiwa kwa jamaa yake huko Daytona mnamo Agosti 2021, miaka 58 imepita. Ulikuwa ushindi wake pekee katika ngazi ya juu, na hakuna dereva mweusi mwingine aliyeshinda katika ngazi hiyo hadi Oktoba ya mwaka huo huo wa 2021, Bubba Wallace aliposhinda Talladega. (Mwaka 1963, katika Safari, magari 84 yaliondoka na 7 tu yakafika, mvua ikiwa imeyameza mengine. Washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404. Ni vigumu kumpendelea mtu mahali ambapo tope limekwisha kupendelea.)

Enzi za kuhesabu kwa mkono zimekwisha. Vifaa vya umeme huhesabu mizunguko bila kujali rangi ya aliye ndani. Shaka, hata hivyo, haikwisha. Ilihamia penye mwanya mwingine, nao ni bendera ya manjano. Bendera hii hupepea palipo na hatari uwanjani, na ikipepea magari yote hupunguza mwendo na kujipanga upya nyuma ya gari la kuongoza. Dereva aliyekuwa ametangulia kwa sekunde 10 hupoteza sekunde zote 10 kwa mara moja. Ajali ikitokea, hakuna wa kunung'unika. Lakini mara kwa mara sababu iliyotolewa ilikuwa kipande cha uchafu njiani, na mashabiki waliokodolea macho runinga hawakukiona. Kwao, bendera hiyo ilikuwa dawa ya kuyachangamsha mashindano yaliyopooza. Pengine kipande kilikuwako. Tatizo ni kwamba anayepata faida mashindano yakichangamka ndiye anayeamua kama kipande kipo. NASCAR ni mali ya ukoo wa France: ukoo huo huo huuza tiketi, hutunga kanuni na huwaajiri waamuzi. Waswahili husema mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake, na hawakusema kwamba mwamba ngoma ni mwizi. Walisema huivuta tu, labda bila hata yeye kufahamu.

Yaliyotukia Richmond, Virginia, mnamo Septemba 2013 yanaonyesha jinsi ngozi inavyovutwa hata na mwenye nia ya kutenda haki. Ilibaki mizunguko 7 Clint Bowyer, wa timu ya Michael Waltrip, alipozunguka na gari lake katika hali iliyotiliwa shaka. Bendera ya manjano ikapepea, mpangilio ukavurugika, na mwishowe mwenzake wa timu, Martin Truex, akaipata nafasi ya mwisho ya kuingia katika mchuano wa kuwania ubingwa. Baada ya siku mbili, chama kiliitoza timu hiyo faini ya dola 300,000, kikamwondoa Truex na kumwingiza Ryan Newman. Mpaka hapo, mwenye haki alirudishiwa. Kisha, siku chache baadaye, chama kikamwongeza Jeff Gordon naye, ingawa kanuni ilisema waingie madereva 12. Wakawa 13.

Gordon alikuwa bingwa mara nne na kipenzi cha mamilioni. Yawezekana kweli alidhulumiwa katika ile vurumai; hoja zake hazikuwa nyepesi. Lakini hapo ndipo tofauti kati ya Richmond na Safari ya 1973 inapodhihirika. Mehta alipewa ushindi kwa kanuni iliyokuwako kabla jina lake halijafikiwa. Gordon alipewa nafasi kwa kanuni iliyopanuliwa jina lake likiwa limekwisha kujulikana. Uamuzi wa pili unaweza kuwa wa huruma kuliko wa kwanza, hata wa haki kuliko wa kwanza, na bado ukawa ndio unaozaa shaka. Dereva asiye na jina, aliyewahi kuonewa mwaka mwingine, atauliza mbona yeye hakuongezwa akawa wa 13.

Ni kweli kwamba kuna kanuni zinazopendelea waziwazi, na watu huishi nazo. Katika ubingwa wa dunia ambao Safari ilirudi kuwa sehemu yake mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha, anayeongoza kwa pointi hutangulia barabarani mwanzoni mwa mashindano. Katika njia za changarawe hugeuka mfagizi: huondoa mawe madogo, na walio nyuma yake hukuta njia imara. Sébastien Ogier aliilalamikia kanuni hiyo kwa miaka, wala hakukosea kusema kwamba inamwadhibu aliye bora. Hata hivyo hakuna aliyesema kwamba ilifichwa. Ogier aliijua, akaipangia, na katika Safari ya 2021 na ya 2023 akashinda. Mtu aweza kuichukia kanuni bila kumshuku mwenye kuitekeleza, na tofauti hiyo si ndogo.

Haya yote yangeweza kuonekana ya mbali kwa Machakos, ambayo imewahi kuwa mwenyeji wa raundi za mashindano ya taifa ya magari na kuyafurahia bila makuu. Lakini Machakos ina kisa chake cha saa na mwamuzi, na hakihusu injini.

Patrick Makau alizaliwa mwaka 1985 huko Manyanzwani, karibu na Tala, katika iliyokuwa wilaya ya Machakos. Tarehe 25 Septemba 2011 alikimbia mbio za marathoni za Berlin kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38, akapunguza sekunde 21 katika rekodi ya dunia ya Haile Gebrselassie wa Ethiopia. Mwanzoni mwa mwaka 2012, Shirikisho la Riadha Kenya lilitaja wakimbiaji sita ambao miongoni mwao wangechaguliwa watatu wa kwenda kwenye Michezo ya Olimpiki ya London. Makau alikuwamo. Mwezi wa Aprili alishiriki marathoni ya London, akajitoa njiani. Majina matatu yalipotangazwa, lake halikuwamo. Waliotajwa walikuwa Abel Kirui, bingwa wa dunia wa 2009 na 2011, Wilson Kipsang, aliyekuwa ametoka kushinda hapo London, na Moses Mosop. Mosop alipojeruhiwa, nafasi yake alipewa Emmanuel Mutai. Mwenye rekodi ya dunia alibaki nyumbani.

Huko Machakos neno lilikuwa lile lile la kando ya barabara. Nalo, kama kawaida yake, lilikuwa na nusu ya ukweli. Wateuzi hawakukosa hoja: Kirui alikuwa amethibitisha kwamba hushinda mbio za ubingwa, zisizo na wa kuvuta kasi, Kipsang alikuwa katika ubora wake, Makau alikuwa ameshindwa kumaliza. Geoffrey Mutai, aliyekimbia Boston mwaka 2011 kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2, naye alijitoa huko Boston mwaka 2012, naye aliachwa. Huyo hakuwa wa Machakos. Kwa hiyo anayedai kwamba Makau aliachwa kwa sababu ya kwao atalazimika kueleza aliyeachwa pamoja naye.

Nusu ya pili ya ukweli iko kwingine. Vipimo vilivyotajwa katika mjadala vilikuwa vingi: kasi, ushindi wa karibuni, uzoefu wa mbio za ubingwa, afya. Kila kimoja kina maana, na kila kimoja humpa ushindi mtu tofauti. Kipi kilikuwa kizito kuliko kingine, hilo lilibaki mezani kwa wateuzi. Marekani huendesha marathoni moja ya mchujo, na watatu wa kwanza wenye muda unaotakiwa ndio waendao. Mkimbiaji hodari akiugua tumbo siku hiyo, basi tena. Ni utaratibu mkali, hata wa kikatili, wala haungekuwa rahisi kwa Wakenya ambao riziki yao iko katika marathoni za masika za London na Boston, maana mwili haukubali mbio za namna hiyo tatu ndani ya miezi michache. Lakini aliyeachwa huko hujua alipoachiwa. Ni kilomita ya ngapi, ni nani alimpita, ni sekunde ngapi zilizopungua. Makau hakuwa na kilomita ya kuionyesha. Alikuwa na kikao.

Tarehe 12 Agosti 2012, katika mitaa ya London, Kirui alimaliza wa pili na Kipsang wa tatu. Mutai alikuwa wa 17. Dhahabu ilikwenda Uganda, kwa Stephen Kiprotich, kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, muda ambao Makau alikuwa ameupita zaidi ya mara moja. Hakuna anayeweza kuapa kwamba angeupita siku ile ya jua. Medali mbili kati ya tatu si aibu kwa wateuzi wowote, na mtu mwadilifu atawapa hilo. Mgala muuwe na haki yake umpe. Ila nafasi ya mkimbiaji haihifadhiki kama kombe la Scott, ambalo laweza kufuliwa upya na kupelekewa wajukuu.

Mnamo Oktoba mwaka huo huo Makau alikwenda Frankfurt, akashinda kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 8. Rekodi yake ya dunia ilidumu hadi tarehe 29 Septemba 2013, ilipovunjwa katika jiji lile lile la Berlin, kwa sekunde 15, na Wilson Kipsang.